Mikono Kabla ya Hospitali: Kumwokoa Mtoto Aliyepaliwa Huko Omate

Mwaka 1897 daktari Gustav Killian, huko Freiburg, Ujerumani, alitoa kipande cha mfupa kilichokwama katika njia ya hewa ya mgonjwa kwa neli aliyoipitisha kinywani, na hivyo akaanzisha bronkoskopia, yaani uchunguzi wa ndani ya njia za mapafu, ambao mpaka leo unahitaji dawa ya ganzi au nusukaputi, taa na bingwa aliyefunzwa. Huduma ya namna hiyo iko mbali mno na Omate, eneo la machimbo ya dhahabu huko Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilhali mtoto aliyezibwa koo kwa karanga hana muda zaidi ya dakika chache. Hata mgawanyo wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika zoni 306 za afya katika miaka ya 1980, uliofuata mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi na kukusudia kuipa kila zoni hospitali yake ya rufaa na vituo vidogo, haungeweza kuzishinda dakika hizo. Ndiyo maana historia inayowahusu hasa wazazi wa Omate ni ile ya kuokoa kwa mikono.

Historia hiyo ilikuwa na ugomvi. Mwaka 1974 Henry Heimlich, daktari wa upasuaji wa Marekani, alipendekeza kubinya tumbo chini ya mbavu ili hewa iliyobaki mapafuni isukume kitu nje, kisha akayapinga vikali mapigo ya mgongoni, na mwaka 1985 Daktari Mkuu wa Marekani akamuunga mkono. Hata hivyo mapigo hayo, ambayo wazazi wengi huyatumia bila kufundishwa, yalirudishwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani mwaka 2006.

Kwa Afrika, hatua kubwa ilitoka Blantyre, Malawi, ambako utaratibu wa kupambanua watoto mahututi ulijaribiwa kabla ya Shirika la Afya Duniani kuutolea mwongozo wa mafunzo mwaka 2005. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini, akapigwa mara 5 mgongoni kwa kisigino cha kiganja. Kitu kisipotoka hugeuzwa, akabinywa kifua mara 5 kwa vidole viwili, kisha kinywa hukaguliwa. Kubinya tumbo huachiwa aliyepita mwaka mmoja, kwa kuwa ini la mtoto mchanga huumia kwa urahisi. Anayekohoa kwa nguvu huachwa akohoe, na kidole hakiingizwi kooni bila kukiona kitu kilichokwama, kwani huweza kukisukuma ndani zaidi.