Tanzanite: Jiwe la Mirerani, Bei ya Ughaibuni

Kusini mwa Mlima Kilimanjaro, wilayani Simanjiro, kuna ukanda mwembamba wa vilima wenye urefu wa takribani kilomita saba. Huko Mirerani ndiko inakochimbwa tanzanite, na hakuna kwingine duniani inakochimbwa kibiashara.

Historia yake inaanza mwaka 1967, na ina watu wawili. Jumanne Ngoma aliyaona mawe hayo na baadaye, mwaka 1984, serikali ikampa cheti cha ugunduzi. Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, ndiye aliyewahi kusajili eneo la kuchimba.

Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa ni zoisaiti, madini yaliyojulikana Ulaya tangu karne ya 19. Kigeni kilikuwa rangi, inayotokana na chembe za vanadi. Mawe mengi hutoka shimoni yakiwa ya kahawia; yakipashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi, hugeuka buluu. Hata hapo, ukilizungusha jiwe mkononi, buluu inakuwa zambarau. Kwa ugumu, tanzanite haifui dafu mbele ya yakuti samawati. Imependwa kwa rangi na kwa uhaba.

Jina lililetwa na sonara. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kulitangaza kwa jina la nchi lilikotoka, na wateja Marekani wakalichangamkia.

Mirerani kwenyewe mambo hayakung'aa hivyo. Wanaapolo, kama wachimbaji wa huko wanavyoitwa, walishuka mashimo marefu kwa kamba na tochi. Mafuriko ya Aprili 1998 yaliua makumi yao chini ya ardhi. Mawe nayo yakawa yanavushwa mpaka kwa magendo, na mengi yakaishia Jaipur, India, kukatwa na kung'arishwa.

Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuuzunguka mgodi. Miaka miwili baadaye mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 9, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7.

Ukuta umebana magendo, lakini haukati jiwe. Kituo cha Jemolojia kilichopo Arusha kinafundisha kazi hiyo, na hapo ndipo fedha zinapaswa kuelekezwa sasa.