Bongo Kwenye Maabara: Kutoka Mti wa Mangi Meli Hadi Kompyuta za Seli Hai

Watanzania tunaiita nchi yetu Bongo. Jina lilianzia Dar es Salaam, mji ambao ukiingia bila akili utalala njaa, kisha likasambaa nchi nzima hadi kwenye muziki na filamu. Tunalitamka kila siku bila kukumbuka kwamba ni wingi wa ubongo, ile nyama laini isiyofika hata kilo moja na nusu. Mimi nimelikumbuka tangu nianze kufuatilia fani moja mpya: utengenezaji wa kompyuta zinazotumia seli hai za ubongo, zilizokuzwa maabara. Kuna watu wanaajiriwa kufanya kazi hiyo leo, Melbourne, Baltimore na Vevey. Niliposoma historia yake nikagundua kwamba sisi wa Moshi tumo ndani yake tangu zamani, ila wakati huo hatukuulizwa.

Tuanze na ya karibu. Agosti 2017 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha, kilomita themanini hivi kutoka hapa Shirimatunda. Mmoja wa waliopanda jukwaani ni Oshiorenoya Agabi, Mnaijeria aliyezaliwa Lagos, akasoma fizikia huko huko, kisha akaendelea Sweden na Uswisi. Alitambulisha kifaa chenye ukubwa wa modemu kiitwacho Koniku Kore: chipu ya silikoni iliyounganishwa na seli za neva za panya zilizobadilishwa vinasaba. Kazi yake kubwa ni kunusa. Agabi alisema vifaa vya aina hiyo vingeweza kugundua vilipuzi uwanja wa ndege bila kuwapanga abiria foleni, na hata kunusa dalili za ugonjwa hewani. Koniku ni neno la Kiyoruba, maana yake ni kitu kisichokufa.

Kwa nini mtu ahangaike na seli za panya wakati chipu za kawaida zipo? Kompyuta inapiga hesabu haraka kuliko binadamu yeyote, lakini mpe mtoto wa miaka mitatu ndizi iliyoanza kuoza, atakunja pua kabla hujamaliza kumuuliza. Halafu kuna suala la umeme. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na wote unatumia takriban wati 20, yaani theluthi ya balbu ya zamani ya wati 60. Mitambo ya akili bandia inayojaribu kuiga kazi hiyo inakula umeme wa kutosha mji. Ndipo wengine wakasema: badala ya kuuiga ubongo, kwa nini tusitumie seli zake zenyewe?

Njia ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1907 Ross Harrison, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alichukua kipande cha tishu ya neva ya kiinitete cha chura, akakining'iniza ndani ya tone la limfu, akaona kwa darubini nyuzi za neva zikirefuka nje ya mwili. Hapo ndipo ukuzaji wa tishu maabara ulipoanza. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali ya seli shina. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Kuanzia hapo, kipande kidogo cha ngozi kikaweza kugeuzwa kuwa seli za neva bila kumfungua mtu kichwa. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, kule Vienna, wakaonyesha kwamba seli hizo zikiachwa zijipange zenyewe hutengeneza kijidonge chenye tabaka zinazofanana na za ubongo unaoanza kukua. Kijidonge hicho huitwa oganoidi.

Oktoba 2022 kampuni ya Cortical Labs ya Melbourne na washirika wake walichapisha jaribio lililozua gumzo. Walikuza seli zipatazo 800,000, za binadamu na za panya, juu ya sahani yenye elektrodi, wakaziunganisha na mchezo wa zamani wa kompyuta uitwao Pong. Elektrodi ziliziambia seli mpira uko wapi, na mapigo ya seli yakasogeza kibao cha kuupiga. Zikiupiga mpira zilipata mawimbi ya umeme yaliyotulia, zikiukosa zilipata vurugu. Seli hazipendi vurugu, tuseme hivyo kwa lugha ya mtaani. Ndani ya dakika tano mchezo wao ulianza kuwa bora. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikatangaza mashine iitwayo CL1, yenye seli za binadamu ndani yake, kwa bei ya dola 35,000. Na kule Vevey, Uswisi, kampuni ya FinalSpark ina oganoidi ambazo mtafiti aliye mbali anaweza kuzitumia kwa intaneti. Anatuma umeme akiwa chumbani kwake, na seli zinajibu kutoka nchi nyingine.

Basi kazi zenyewe ni zipi? Nilimweleza mama mmoja jirani yangu, ambaye kijana wake amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, akanitazama kwa mashaka. "Kaka, hiyo kazi inalipa, au ni mambo ya kwenye runinga?" Nikamjibu kwamba nyingi ni kazi za kawaida kabisa zikitajwa mojamoja. Kuna anayelisha seli: zinataka nyuzi joto 37, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5 na chakula kipya kila baada ya siku chache. Wikendi haipo, ni kama kufuga ng'ombe wa maziwa ndani. Kuna anayesoma mapigo ya umeme ya seli, anayetengeneza elektrodi, na anayeandika programu ya kutafsiri mapigo hayo. Na kuna anayeuliza maswali ya maadili. Huyu wa mwisho watu humweka mkiani, lakini kwa maoni yangu ndiye ambaye historia yetu imemwandaa kuliko wote.

Ukipanda kutoka mjini kupitia Kiboriloni hadi Old Moshi, utaonyeshwa mti ambapo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Simulizi za ukoo zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Si simulizi la ajabu kwa wakati ule. Berlin alikuwepo Felix von Luschan, mtu wa makumbusho aliyekusanya mafuvu kwa maelfu kutoka makoloni ili yapimwe na kulinganishwa. Mjukuu wa Meli alitumia miaka mingi ya maisha yake kukidai kichwa hicho.

Baada ya fuvu wakaja kwenye ubongo wenyewe. Miaka ya 1930, Nairobi, mpatholojia F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliofariki, akazikata vipande vyembamba, akapima unene wa tabaka la juu na kuchunguza seli zake kwa darubini. Mwaka 1934 alichapisha makala yaliyodai kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni mwepesi na tabaka lake ni jembamba kuliko la Mzungu. Daktari H. L. Gordon, aliyeamini katika "kuboresha rangi za watu", akazishika takwimu hizo kubishia elimu ya Waafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, kuhusu akili ya Mwafrika. Huyu alikuwa ameshaandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Sayansi hiyo ilikuja kuonekana kuwa ya ovyo. Ila wale watu wa Nairobi, kila mmoja na jina lake na mama yake, wamebaki kwenye historia kama gramu na milimita.

Na tusidhani ni Afrika tu. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, chuo kile kile cha Harrison, madaktari walichukua seli za saratani za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka huo. Seli zake hazikufa. Zinakuzwa hadi leo duniani kote kwa jina la HeLa, na ujuzi mwingi wa kukuza seli za binadamu ulijengwa juu yake. Kisichokufa, kama Koniku, ila mwenyewe hakujua.

Sasa msomaji wangu, angalia mwaka 2023. Februari, Thomas Hartung na wenzake, wa Johns Hopkins tena, walichapisha makala ya kuipa fani hii jina na ramani, wakisisitiza kwamba maadili yajengwe ndani yake tangu mwanzo. Agosti, familia ya Lacks ilifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher Scientific iliyokuwa ikiuza bidhaa za HeLa. Septemba, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, yakiwemo 202 yaliyotoka eneo ambalo leo ni Tanzania. Kwa kulinganisha vinasaba, jamaa walio hai wa watu watatu walipatikana huku Kilimanjaro. Mmoja wa marehemu hao ni akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo.

Ilichukua zaidi ya miaka 120 na mate ya wajukuu ndani ya kichupa kujibu swali ambalo lingeandikwa kwenye karatasi siku ya kwanza: hiki ni cha nani? Mtu aliyekua akisikia habari ya kichwa cha Meli halioni swali hilo kama urasimu wa kamati. Analijua kama msiba wa ukoo.

Na swali linarudi kwa sura mpya. Watafiti walipita kijiji kwa kijiji wilayani Hai, hapa jirani, kutafuta wagonjwa wa Parkinson. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Ugonjwa kama huo ndio unaochunguzwa leo kwa oganoidi, kwa kuchukua seli za mgonjwa na kuzikuza ziwe neva. Seli nyingi zinazotumika ni za watu wenye asili ya Ulaya. Tukikaa pembeni, dawa zitatengenezwa bila sisi kuwemo. Tukiingia kichwakichwa, babu wa Machame atatoa kipande cha ngozi akidhani ni kipimo tu, kumbe seli zake zinaenda kucheza mpira wa kompyuta kwenye mashine ya kuuzwa. Kati ya hayo mawili kuna kazi, na inahitaji watu waliosoma.

Pa kuanzia papo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na leo ina chuo na taasisi ya utafiti ambapo vijana wanajifunza kutunza sampuli na kuheshimu fomu ya ridhaa. TReND in Africa ilianza na kozi za neva za nzi wa matunda kule Ishaka, Uganda, na waanzilishi wake wameonyesha jinsi ya kutengeneza vifaa vya maabara kwa printa na vipuri vya bei nafuu. Anayejua programu anaweza kujifunza kusoma mapigo ya neva akiwa na kompyuta na bando. Nilimwambia jirani yangu hivyo: "Dada, mwache asome biolojia, ila asiache hesabu. Na asiache historia." Akacheka akasema historia haipo PCB.

Sisi wapenda fasihi nasi tunahusika. Fomu ya ridhaa ni maandishi, na maandishi yanataka maneno. Utamwelezaje bibi asiyejua Kiingereza kwamba ngozi yake itageuzwa neva? Nilifikiria kuiita oganoidi "kijibongo", nikasita. Mwaka 2022 wanasayansi wenyewe walichapisha kwenye jarida la Nature mwongozo wa majina, wakikataa kuyaita madonge hayo bongo ndogo, kwa sababu jina hilo linaahidi fikra na hisia ambazo hakuna aliyethibitisha zimo. Bibi akisikia "kijibongo" ataona mtoto mchanga. Akisikia "oganoidi" hataona kitu. Akiambiwa "donge la neva lililokuzwa kutokana na ngozi yako" ataelewa vya kutosha kuuliza swali linalofuata, yaani likishatumika linakwenda wapi. Mwenye neno zuri zaidi alilete. Ila tafadhali lisiwe "kibongo", hilo tayari lina maana yake.