Historia ya Kazi ya Sindano katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Historia ya nguo katika pwani ya Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi na watu wa forodha. Hesabu zao ni za majora, marobota na doti: ngapi zilitoka Kachi na Bombay, ngapi zilitoka Salem katika Marekani, ngapi zilipelekwa bara pamoja na shanga na nyaya za shaba. Hesabu hizo zina faida kubwa, na msomi hawezi kuziacha. Lakini jora lililoshuka jahazini halikuwa vazi bado. Baina ya ghala ya mfanyabiashara na kichwa cha mvaaji palikuwa na sindano, na aliyeishika sindano hiyo hakuandikwa katika daftari lolote. Kwa sababu hiyo watu wengi, na baadhi yao ni wasomi, wamedhani kwamba kudarizi na kushona vilikuwa ni mapambo tu ya nyumbani, vitu visivyo na tarehe wala habari.

Ukweli ni kwamba kushona kumetajwa katika maandishi ya kale kabisa yanayohusu pwani hii. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, chaeleza kwamba soko la mwisho la Azania liliitwa Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Hiyo haikuwa sindano ya kudarizi: mbao zilitobolewa na kuunganishwa kwa kamba, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu karne nyingi baadaye. Hata hivyo ni jambo la kufikirisha kwamba mgeni yule, alipotaka kuueleza mji, alianza kwa mshono.

Habari za nguo zenyewe zaja baadaye. Katika magofu ya Kilwa na ya Shanga vimechimbuliwa vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo wachimbaji wamevitambua kuwa ni vya kusokotea uzi. Basi pamba ilisokotwa hapa hapa. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu katika mwaka wa 1331, asema kwamba nguo za mji huo zilisafirishwa mpaka Misri, na kwamba yeye mwenyewe alipewa mavazi ya heshima pamoja na kilemba cha Misri kilichodariziwa. Darizi, basi, ilikuwa ni lugha ya heshima iliyofahamika kwa mwenyeji na kwa mgeni pia. Naye Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aeleza jambo la ajabu zaidi. Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi. Kwa hiyo walizichukua nguo za rangi zilizotoka Kambaya, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na uzi wao mweupe. Mfanyabiashara wa Kihindi alidhani ameuza nguo. Kumbe mnunuzi alikuwa amenunua uzi.

Habari ya Sofala ni ya mfumaji, si ya mshonaji. Lakini yaonyesha desturi iliyodumu katika kazi zote za nguo za pwani, nayo ni kukichukua kitu kilichokuja tayari na kukifanya upya kwa mkono. Kanzu ni mfano mwema. Kitambaa chake kilitoka ng'ambo, lakini ukataji na ushonaji ulikuwa wa hapa, na lugha imeyahifadhi majina ya sehemu zake zote. Tangu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha Kiswahili katika mwaka wa 1870, kamusi zimeandika badani, yaani vipande vya mbele na nyuma. Taharizi, vipande vya ubavuni. Sijafu, mkunjo wa mwisho wa mkono. Lisani, kipande kilalacho chini ya mpasuo wa kifuani. Kaba, kitambaa cha ndani cha kuitia nguvu shingo. Mrera, mstari wa uzi upitao mgongoni. Kishada, kile kinachoning'inia shingoni. Mengi katika hayo ni Kiarabu. Kikwapa, kipande kidogo kitiwacho chini ya mkono ili kanzu isipasuke mtu akiunyosha, ni Kiswahili kitupu. Na fundi yeyote atasema kwamba hapo ndipo ujuzi wa mshonaji hupimwa. Neno darizi lenyewe lina asili yake katika Kiajemi, na lugha hiyo humwita mshonaji kwa jina la shina hilo hilo.

Wanaume ndio walioshona kanzu za kuuzwa, nao walikaa barazani, mbele ya macho ya watu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 19 kwa mafundi wa kila namna: wanakili wa vitabu, watengenezaji wa viatu na vitu vya ngozi, na wadarizi. Mji huo ulishindana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, wala haukutiwa chini ya mkono wao mpaka mwaka wa 1863. Habari za vita vyake zimeandikwa sana. Habari za sindano zake ni chache.

Lakini sindano ya barazani haikuwa sindano ya peke yake. Salma binti Said, aliyezaliwa katika jumba la baba yake Unguja mwaka wa 1844 na kutoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka wa 1886, akiwa amekwisha kuwa Emily Ruete, aliona uchungu kwa Wazungu waliodhani kwamba mwanamke wa Mashariki hukaa bure siku nzima. Aeleza kwamba wanawake wa jumbani walishona, wakadarizi na kutengeneza lesi, wakizipamba barakoa na suruali zao wenyewe pamoja na mashati ya waume, wana na ndugu zao. Ni shahidi mwema, ingawa alikuwa binti wa Sultani, na wanawake wengi wa mji hawakushona kwa kupitisha wakati.

Kazi yao kubwa ilikuwa kofia. Kofia nyeupe iliyodariziwa, ile iitwayo bulibuli, ina sehemu mbili tu: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Huonekana nyepesi, lakini haifanywi kwa wepesi. Bafta hukatwa mara mbili na kulazwa moja juu ya nyingine. Mchoraji huichora ruwaza kwa kalamu ya risasi, na katika miji kama Lamu mchoraji huyo mara nyingi ni mwanamume, hali mshonaji ni mwanamke. Kisha mistari hushonwa, na baina ya mishono hupenyezwa uzi mnene wa pamba, uikaze kofia na kuinua nakshi juu kidogo ya kitambaa. Baada ya hapo hufuata viua, vile vitundu vidogo vinavyopitisha upepo. Kitundu hakikatwi kwa mkasi. Nyuzi za kitambaa husukumwa kando kwa sindano nene, na mdomo wa kitundu huzungushiwa uzi, pigo kwa pigo, mpaka uwe mgumu kama pete. Kofia moja huwa na mamia ya vitundu hivyo. Uzi ni mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa hiyo hakuna rangi ya kuficha kosa; pigo moja likiwa refu kuliko mwenzake, jicho la mjuzi huliona mara moja. Kazi huchukua majuma, na kofia nzuri sana huchukua miezi, kwa kuwa mshonaji hushika sindano baada ya kupika, kufua na kulea. Mwisho hufuliwa, ikaondoka alama ya risasi na ya mikono, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili ishike umbo.

Alama ya risasi inapofutika, ndipo hoja yote ya historia hii ilipo. Mchoro wa mwanamume hupotea katika maji, na mshono wa mwanamke hubaki. Lakini jina la mchoraji lilijulikana mtaani, na jina la mshonaji lilijulikana na mama yake. Tofauti hiyo imeingia hata katika kamusi. Sehemu za kanzu zilikusanywa kwa ukamilifu, maana wakusanyaji walikuwa wanaume waliokaa na wanaume; maneno ya kofia yaliyoandikwa ni machache, na yamkini mengi yalisemwa ukumbini na kuishia huko.

Kofia ilipata thamani nyingine mwishoni mwa karne ya 19. Katika Unguja ya utumwa, kufunika kichwa kulikuwa ni dalili ya uungwana. Mtumwa wa kiume alivaa shuka ya merekani, akaenda kichwa wazi na miguu mitupu, na vazi lake lilimtangaza kabla hajasema neno. Amri ya kuondoa hali ya utumwa ilipotolewa Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, watu waliopata uhuru wao hawakungoja kuufahamu katika karatasi. Walivaa kanzu na kofia. Basi mahitaji ya kofia yaliongezeka, na mwanamke mwenye sindano, awe mtawa asiyetoka mchana au mwanamke aliyekuwa mtumwa jana, aliweza kupata fedha zake bila ya kupita sokoni; mtoto au ndugu alichukua kofia na kuleta bei. Bei hiyo ilipangwa na aliyesimama dukani. Hata hivyo ilikuwa fedha yake, na katika maisha ambayo mali nyingi zilipita mikononi mwa wanaume hilo halikuwa jambo dogo.

Inastaajabisha kwamba katika miaka hiyo hiyo sindano ilikuwa inaletwa kama elimu mpya. Wamisheni wa Kiingereza walinunua shamba la Mbweni, Unguja, mwaka wa 1871, na katika shule waliyoiweka huko kwa wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, iliyoongozwa kwa muda mrefu na Caroline Thackeray tangu mwaka wa 1877, kushona kulikuwa somo la wale walioonekana hawafai kwa vitabu. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka wa 1927, na kazi za nyumbani zikawekwa katika masomo. Huko Kenya, vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka wa 1952, viliwafundisha wanachama kushona na kudarizi. Haifai kuvidharau vyombo hivyo. Wanawake wengi wa bara walipata humo ufundi walioupenda, wakajaza nyumba zao foronya na vitambaa vya meza vyenye maua na maneno ya mapenzi. Lakini katika pwani mwalimu alimfundisha kupiga pindo mwanafunzi ambaye bibi yake aliweza kuzungusha uzi katika vitundu mia tatu bila ya kukosea, na hakuna aliyefikiri kumwita bibi huyo shuleni.

Mshono sahili nao una historia yake. Yasimuliwa kwamba leso zilianza pale wanawake wa mjini, katikati ya karne ya 19, waliponunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, sita pamoja, wakavikata vipande viwili vya vitatu vitatu na kuviunga kwa sindano viwe nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo zilizopigwa chapa nzima nzima. Hata leo kanga huuzwa kwa doti, na mwenye kuinunua huikata na kuipiga pindo mwenyewe au kumpelekea fundi.

Cherehani iliikuta kazi hiyo na kuigawa. Singer alipata hati yake ya mashine mwaka wa 1851, na kabla ya karne kwisha mashine za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuingia katika miji ya pwani. Kanzu ilikwenda kwa cherehani karibu yote, ikaacha darizi ya shingo tu kwa mkono, na baadaye hata hiyo ikachukuliwa. Kofia ilikataa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ya vitundu. Siku hizi zipo mashine zinazotoboa na kuzungusha uzi kwa dakika chache, na kofia za viwanda vya Asia zimejaa madukani kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuifikia hata akijinyima usingizi.

Soko la kofia ya mkono limehamia kwa sehemu ng'ambo. Huko Oman vazi la kichwa liitwalo kumma, ambalo karibu kila mwanamume wa nchi hiyo huwa nalo, lina duara lile lile, ukanda ule ule na vitundu vile vile, na uhusiano wake na Unguja wajulikana na pande zote mbili. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964, na hasa baada ya mwaka wa 1970 Sultan Qaboos alipotawala, familia nyingi zilizosema Kiswahili zilikwenda kuishi Maskati na mahali pengine pa Oman, na wanawake wao walikwenda na sindano zao. Katika soko la Matrah kumma ya mkono huwekwa mbali na ya mashine. Mnunuzi ajuaye huigeuza kwanza ndani nje, akapitisha kidole juu ya vitundu kutafuta pale uzi ulipofungwa, kisha ndipo huuliza bei.