Nyayo bapa: Maumivu hutoka wapi, na hutulizwaje?

Watu wengi huzaliwa, hukua na kuzeeka wakiwa na nyayo bapa bila ya kuumwa hata siku moja. Wengine, hasa wale ambao kazi yao ni kusimama au kutembea kutwa, huumia kiasi cha kushindwa kumaliza zamu. Kuzitofautisha hali hizi mbili humwepusha mzazi na gharama zisizo na faida, na humkinga mtu mzima na ulemavu unaoweza kuzuilika.

Unyayo bapa ni nini?

Kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, mguu wa binadamu una mifupa 26 na maungio 33, yaliyoshikanishwa kwa kano na misuli. Upande wa ndani wa unyayo mifupa hiyo hujipanga mfano wa tao la mlango. Tao hilo huinama kidogo mtu anapokanyaga na kurudi anapoinua mguu, na hivyo kupunguza kishindo cha kila hatua. Unyayo huitwa bapa pale tao linapokuwa la chini mno, au lisipoonekana kabisa mtu anaposimama.

Njia rahisi ya kujipima ni kukanyaga sakafu kavu ya saruji kwa miguu iliyolowa, baada ya kuoga au kutawadha. Alama ya unyayo wenye tao huwa nyembamba katikati; ya unyayo bapa hujaa tangu vidoleni hadi kisiginoni.

Je, mzazi ahofu?

Takriban watoto wote wachanga wana nyayo bapa, kwa kuwa unyayo wao umejaa mafuta na kano zao bado ni laini. Kwa wengi, tao hujitokeza kadiri wanavyokaribia umri wa miaka 6 hadi 10. Mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole. Tao likitokea, unyayo wake unanyumbuka, na kama haumwi hahitaji matibabu.

Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walivishwa viatu maalumu vya kunyoosha miguu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989, uliowafuatilia watoto kwa miaka 3 au zaidi, ulionyesha kuwa waliovishwa viatu hivyo hawakupata nafuu kuliko wenzao ambao hawakutibiwa.

Aidha, uchunguzi wa watoto 2,300 nchini India, uliochapishwa mwaka 1992, uligundua nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya watoto wenye kuvaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya wale waliotembea pekupeku. Kwa hiyo mtoto anayecheza bila viatu mahali safi, pasipo na miiba wala vigae vya chupa, haharibu miguu yake.

Unyayo mgumu, ambao haufanyi tao hata mtoto akisimama kwa vidole, ni jambo jingine. Huenda mifupa miwili imeungana, na mtoto huyo yafaa aonwe na daktari.

Kwa nini watu wazima huumwa?

Tao likishuka, misuli na kano hulazimika kufanya kazi ya ziada. Maumivu huweza kutokea chini ya unyayo, kisiginoni, kwenye kifundo, na hata gotini.

Kano inayoumia zaidi ni ile itokayo katika msuli wa nyuma ya muundi, ikapita nyuma ya kifundo cha ndani hadi katikati ya unyayo. Ndiyo inayolishikilia tao. Ikivimba au kulegea, tao huporomoka polepole, mara nyingi katika mguu mmoja. Hali hii huwapata zaidi wanawake waliopita umri wa miaka 40, watu wanene, na wenye kisukari au shinikizo la damu.

Sababu nyingine ni kukaza kwa kano ya kisigino. Katika ripoti ya mwaka 1947 juu ya askari zaidi ya 3,600 wa Kanada, madaktari Harris na Beath walieleza kwamba unyayo bapa unaonyumbuka haukuwa peke yake chanzo cha ulemavu. Waliotaabika ni wale ambao, pamoja na unyayo huo, kano yao ya kisigino ilikuwa fupi.

Namna ya kupunguza maumivu

- Viatu: Chagua vyenye soli imara na kisigino kisichobonyea. Kandambili laini hazifai kwa kazi ya kusimama. Soli za ndani zenye kutegemeza tao huwasaidia wengi, na za dukani zaweza kutosha kwa kuanzia.

- Kunyoosha shavu la mguu: Egemeza mikono ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma ukiwa umenyooka, kisigino kikiwa chini. Kaa hivyo kwa sekunde 30, mara 3 kwa kila mguu, kila siku.

- Kuimarisha misuli: Inuka kwa ncha za vidole polepole na ushuke polepole. Anza na mara 10, na uache iwapo maumivu yanazidi.

- Barafu: Ifunge katika kitambaa na uiweke panapouma kwa dakika 15. Asiyehisi vizuri miguuni, kama baadhi ya wenye kisukari, asiitumie.

- Uzito na mapumziko: Kupunguza uzito hupunguza mzigo wa kila hatua. Anayesimama kazini ajitahidi kupata nafasi ya kukaa.

Mazoezi haya hayalengi kumjengea mtu mzima tao jipya, bali kumwondolea maumivu.

Lini umwone daktari?

Nenda hospitali ikiwa unyayo uliokuwa na tao umeanza kubapa, ikiwa huwezi kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, au maumivu hayajapungua baada ya wiki chache. Kano ikitibiwa mapema, mara nyingi soli maalumu, kiatu cha kuutuliza mguu na mazoezi ya viungo hutosha. Upasuaji huja mwisho.

Mwenye kisukari ambaye mguu wake umevimba, umekuwa mwekundu na una joto, hata kama hauumi, aache kuukanyagia na aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mifupa inavunjika bila yeye kuhisi.