Nyasi, Bati na Joto la Nyumba: Kinole ya Waluguru
Warren Johnson alipopewa hataza ya themostati ya umeme nchini Marekani mwaka 1883, yaani kifaa kinachohisi joto la chumba na kutoa ishara liongezwe au lipunguzwe, Waluguru wa miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru nchini Tanzania, ilipo Kinole, walikuwa na mfumo wao: mafiga, yaani mawe matatu ya jiko, yaliwekwa ndani ya nyumba, na paa nene la nyasi lilizuia jua mchana, likahifadhi joto usiku na kuuachia moshi upenye polepole, huku ukiwafukuza wadudu waharibifu wa nyasi hizo. Bati la migongo, lililobuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, lilipochukua nafasi ya nyasi, liliondoa kazi ya kuezeka upya kila mara, jambo lisilo dogo penye mvua nyingi, lakini likavuruga mizani hiyo, kwa kuwa hupitisha joto upesi, hutoa jasho usiku wa baridi na huubana moshi ndani. Kasoro hizo hazikurekebishwa paani pekee: jiko lilihamishiwa nje, matundu yakaachwa juu ya kuta, na mwenye uwezo akaweka dari, yaani tabaka linalotenga chumba na bati, ingawa kelele za mvua za masika juu ya bati zilibaki.