Mnyoo wa baiti 376

Wadau, nani anaikumbuka Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003? Saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, programu ya baiti 376 tu ilianza kuzunguka dunia. Meseji moja ya simu inabeba herufi 160, kwa hiyo hata meseji tatu haijazi! Baadaye ikaitwa SQL Slammer.

Iliingilia kwenye SQL Server 2000, programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata. Ndani yake kulikuwa na sehemu iliyokaa kwenye poti namba 1434, kazi yake kumwelekeza anayeuliza hifadhidata ipo wapi. Ukiitumia ujumbe mrefu kuliko nafasi iliyotengwa, ziada ilimwagikia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta ikaitekeleza kama amri. Neno la siri halikuhitajika. Tena njia iliyotumika, UDP, haisubiri jibu. Seva iliyoambukizwa ilirusha nakala kwenda anwani za kubahatisha kwa kasi yote ya laini yake. Mwanzoni idadi iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5. Ndani ya dakika 10, asilimia 90 ya seva zenye tundu zilikuwa zimepatwa. Zilizohesabiwa ni angalau 75,000.

Haikufuta faili hata moja, lakini msongamano peke yake ulitosha. Mashine za kutolea fedha za Bank of America ziligoma, na Korea Kusini intaneti ikakatika kwa saa kadhaa. Kwenye kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio (bahati nzuri kilikuwa kimezimwa tangu 2002), mfumo wa kuonyesha hali ya usalama ulilala karibu saa tano. Slammer ilipita kwenye laini ya mkandarasi iliyokwepa ukuta wa ulinzi.

Sasa kinachoniuma ni hiki: kiraka kilitolewa Julai 2002, miezi sita kabla! Rahisi kusema mafundi walikuwa wavivu. Ila injini ileile, kwa jina la MSDE, ilikuwa imepachikwa ndani ya programu nyingine tele, na wengi hawakujua kama wanayo. Utazibaje tundu usilojua lipo kwako? Hata mtandao wa Microsoft wenyewe uliambukizwa.

Halafu kuna David Litchfield, mtafiti wa Uingereza aliyeligundua tundu hilo. Aliripoti, kiraka kikatoka, ndipo akaonyesha msimbo wa mfano kwenye mkutano wa Black Hat, Las Vegas. Slammer ilipokuja, alitambua vipande vya msimbo wake ndani yake. Alisema hivyo hadharani, akahoji kama kuchapisha vitu vya namna ile kuna faida.

Mimi riziki yangu ni kuchapisha, kwa hiyo simrushii jiwe. Habari ya tundu ningeitoa bila kusita. Msimbo ningebaki nao mezani. Aliyeandika Slammer yeye hajajulikana hadi leo.