Mtungi wa Kujitegemea: Jina la Hewa ya Pili ya Mzamiaji

Mtungi mdogo ambao mzamiaji huufunga ubavuni, mbali na ule mkubwa wa mgongoni, kwa Kiswahili huelezwa upesi kuwa ni "hewa ya ziada" au "hewa ya akiba". Majina yote mawili yanaeleweka, na yote mawili yana hatari. Ziada ni kinachobaki haja ikishatimia, na mwenye ziada huitumia. Mzamiaji aliyezoea jina hilo hakawii kuiingiza hewa hiyo katika hesabu ya muda wa kukaa chini. Akiba nayo ina kazi nyingine tayari: ndizo zile bari 50 anazofundishwa kurudi nazo juu katika mtungi mkuu. Hewa hiyo hupita kwenye valvu ileile na regyuleta ileile, hivyo mpira wa hewa ukipasuka, au regyuleta ikikwama wazi na kuanza kumwaga hewa, akiba humwagika pamoja na nyingine yote. Kuna wanaopendekeza "urudufu", neno zuri la wahandisi, lakini lenyewe linasema tu kwamba vitu ni viwili. Kile kinywa cha pili cha kupumulia, cha rangi ya njano, ni rudufu pia, ilhali kinanyonya mtungi uleule. Kinachomwokoa mtu ni kwamba hewa ya pili ina mtungi wake, valvu yake na regyuleta yake. Ndiyo maana nashikilia "mtungi wa kujitegemea".

Jina likishataja kujitegemea, linazua swali ambalo "ziada" hulificha: mtungi huu peke yake unaweza kumfikisha mtu juu? Tuchukue kina cha mita 30, ambako shinikizo ni bari 4, na mtu mwenye hofu anayevuta lita 30 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Dakika moja ya kutambua tatizo na kubadilisha kinywa inakula lita 120. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kwa shinikizo la wastani la bari 2.5, kunakula kama lita 250. Kusimama kwa usalama dakika tatu kwenye mita 5 kunadai lita 135. Jumla inapita lita 500. Mtungi wa lita 3 uliojazwa bari 200 una lita 600, kwa hiyo unatosha. Kichupa cha mkononi chenye futi 3 za ujazo kina lita 85 tu. Kwenye mita 30 kingeisha kabla hata ile dakika ya kwanza haijatimia.

Watasema mwenza wa kuzamia yupo, naye ana hewa. Ni kweli, na mafunzo ya kugawana hewa hayana mbadala. Ila mwenza husaidia akiwa karibu, na kwenye kuta za matumbawe za Pemba, ambako mkondo huwa na nguvu, watu wawili hutengana kwa muda mfupi sana. Tena mwenza anayepumulisha watu wawili anaumaliza mtungi wake kwa kasi maradufu. Pingamizi la uzito lina haki zaidi: mtungi wa pili unaoning'inia ovyo humchosha mtu na kunasa kwenye matumbawe, hivyo ufungwe vizuri na uzoewe kwanza kwenye maji mafupi. Wapo pia wanaopenda "mtungi wa spea", kwa kuwa kila dereva anajua tairi la spea halitegemei lililopasuka. Ningelikubali jina hilo, isipokuwa dereva akishafunga spea huendelea na safari. Mzamiaji aliyehamia mtungi wa pili safari yake imekwisha, na anatakiwa kuanza kupanda papo hapo.

Kichupa cha lita 85 kisidharauliwe kwa hayo. Kutoka mita 10, kwa mwendo uleule na pumzi ileile, kupanda kunahitaji kama lita 50, na zinabaki za kutosha kwa nusu dakika ya kujipanga. Muuzaji angekitendea haki kwa kubandika kina hicho ubavuni mwake.